Mji Kasoro Bahari, Mgeni Kasoro Shukrani

Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nyumba yangu ina ugonjwa wa Jumamosi. Ugonjwa huo unatoka Kimara, unavaa kofia na miwani ya jua, na unaniita shem.

Huyu ni kaka wa mke wangu. Mluguru wa kuzaliwa, kalelewa hapa hapa miguuni mwa mlima Uluguru, kisha akaenda Dar kutafuta maisha na maisha yakamkubali. Enzi za basi, na foleni ya Kibaha juu yake, tulikuwa tunamwona kwenye misiba na Idd. Siku hizi safari haifiki saa mbili, basi anakuja kukagua. Wala hasemi anakwenda nyumbani. Anasema anakuja kutalii. Mtu anatalii kwa mama yake!

Na mtalii lazima alalamike, la sivyo atajuaje kwamba amelipa? Kwake yeye kila kitu cha Morogoro kimeshuka kiwango: mlima, ukungu, viazi, viboko. Wenzake wa ofisini anaokuja nao wameshaambukizwa. Nimekuwa nikiyaandika malalamiko yao nyuma ya daftari la maziwa, na haya ndiyo kumi yaliyorudiwa zaidi, kuanzia jepesi kwenda zito. Mimi ni wa kuja, nimeoa tu huku, kwa hiyo nimejiteua kuwa wakili wa mlima. Mwenye mlima ndiye mshitaki.

10. "Morningside wameisogeza juu"

Morningside ni nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani, imekaa begani mwa mlima ikiutazama mji. Watoto wa Morogoro hupanda huko na chupa ya maji na chapati mbili. Shemeji anaapa kwamba zamani alikuwa anafika kabla chapati hazijapoa. Safari hii chapati zilipoa, zikakauka, zikaliwa, na bado tulikuwa kwenye kona ya tatu.

Kaegemea jiwe, anahema kama mvukuto, mara wakatokea akina mama wanashuka na matenga ya ndizi na magimbi kichwani, wanapiga soga zao kana kwamba wamekaa jamvini. Bibi mmoja wa umri wa kumzaa akasimama, akamwangalia kwa huruma. "Pole, baba. Umeugua muda mrefu?"

Nilimweleza shemeji kuwa nyumba iko palepale Mjerumani alipoiacha. Kilichosogea ni kitambi.

9. "Hakuna kinachoonekana"

Mgeni mmoja, mhasibu, alipanda hadi kileleni Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano, akakuta ukungu. Si ukungu wa kwenye mashairi. Ule wa kukunyima kuona mkono ulioshika simu. Akauliza kama kiingilio hurudishwa.

Ndugu mhasibu, ukungu ndiyo kazi ya mlima huu. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu wake, unaikuta Uluguru imesimama njiani, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mzigo. Mzigo huo ndio mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza mabomba ya Dar es Salaam. Wingu lililokuharibia picha Jumamosi, Jumatano utaliogea kwa ndoo.

"Kumbe," akasema mhasibu, "basi ile bili ya maji nimlipe mlima?"

Aliyasema kwa dhihaka, ila hakuwa mbali na jambo la kweli. Mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kufanya mpango wa kuwalipa wakulima wa huku Uluguru ili watunze vyanzo vya maji, pesa zikichangwa na wanaoyatumia maji hayo huko bondeni. Nikamweleza. Akaacha kuulizia kiingilio chake, nadhani kwa kuhofia atadaiwa nyongeza.

8. "Treni ya watoto haiondoki"

Kuna bustani moja, jina nalihifadhi kwa sababu bado nataka kuruhusiwa kuingia, ambayo kwa wageni wa Jumamosi ndiyo Morogoro yenyewe. Nilipohamia mji huu ilikuwa na bembea nne za chuma, mtelezo wa zege uliong'arishwa na suruali za vizazi, na samaki wa kukaanga chini ya mwembe. Kiingilio kilikuwa ile soda utakayonunua. Sasa kuna geti. Getini kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: mtu mzima, mtoto, kamera, na mstari wa nne uliofunikwa kwa karatasi ya gundi. Shemeji akaibandua kwa ukucha. Chini yake: "Ni marufuku kuingia na chakula."

"Wameifuta kwa sababu cha ndani hakipo," akasema. Na kweli, hakikuwapo.

Ndani kuna ile ngome ya mpira ya kupulizwa, watoto wanarukaruka humo. Siku hiyo mota ya upepo ilikuwa na kwikwi. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma. Kila ikinyamaza, minara ya ngome inalegea polepole na kuwainamia watoto kama shangazi anayetaka kubusu kila mtu. Watoto wanapiga mayowe, kijana wa zamu anaamka kwenye kiti cha plastiki, anaipiga mota teke moja la kitaalamu, ngome inasimama wima. Wanangu walisema hiyo ndiyo michezo bora waliyowahi kuiona. Walirudi mara tatu, wakiombea ianguke.

Halafu treni. Mabehewa matatu ya bati, samawati na njano, na reli ya duara kuuzunguka mnazi mmoja mpweke, uliopandwa nadhani ili kutufariji sisi watu wa mji unaoitwa kasoro bahari. Tukapanda. Shemeji naye akapanda, magoti masikioni, mpwa wake mdogo kifuani. Kijana akapita kukusanya pesa, akaenda zake. Dakika kumi. Dakika kumi nyingine.

"Mdogo wangu, tunasubiri nini?"

"Betri, mzee. Imepelekwa kuchajiwa."

"Tangu lini?"

Kijana akafikiri kwa uaminifu. "Pasaka."

Shemeji akanigeukia bila kushuka. "Shem, mimi leo nimetoka Dar kwa treni, hata saa mbili hazikufika. Hii yenu, kuuzunguka mnazi, imechelewa tangu Pasaka."

Hapo wakili sina utetezi. Naweka tu kwenye kumbukumbu kwamba alasiri ile mlima ulikuwa wazi nyuma ya ngome, bonde kwa bonde unahesabika hadi Lupanga, mita 2,138 za kijani kibichi, na watu wapatao thelathini walikuwa wameupa mgongo wakitazama mota.

7. "Simba wa Mikumi wamekuwa wavivu"

Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata kwa kilomita kama 50. Maana yake, miaka yote hiyo abiria wa basi wamekuwa wakitazama tembo na twiga bure, mdomoni wana hindi la kuchoma. Na hapo ndipo wageni walipoharibikiwa: mtu aliyezoea tembo wa bure, siku akilipa anataka tembo acheze ngoma.

Shemeji alilipa. Saa tano garini, akaona swala, pundamilia, swala tena, na makalio ya simba aliyelala chini ya mti. Alimsubiri simba huyo ageuke kwa muda ambao sijawahi kumwona akimsubiri mtu yeyote, dada yake akiwemo. Simba hakugeuka. Tukatoka getini, tukashika lami, na hatujaenda mbali gari likasimama: tembo watano wanavuka barabara, wa mwisho mtoto, anakimbia na masikio yake.

"Ona, shemeji! Tembo!"

"Hao hawahesabiki," akasema, hata simu hakutoa. "Hao ni wa basi."

6. "Chipsi zimekuwa fupi"

Viazi vinatoka Mgeta, vina uhuru wa kuwa na umbo vinalotaka. Tuendelee.

5. "Mji wa muziki gani huu hauna muziki?"

Lawama hii ni ya wageni wenye mvi, na wana haki nayo. Mji huu mdogo ulikuwa na Morogoro Jazz, bendi iliyoundwa 1944, na ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na mashabiki wa huku hawakunywa chai na wa kule. Mbaraka Mwinshehe alitokea Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi ikafika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Fikiria: kutoka kwenye vumbi la hapa hadi Osaka, na magitaa mkononi. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya. Salum naye ajali ilikuwa imemchukua tangu 1965.

Shemeji alikuja na mzee mmoja, mpangaji mwenzake wa zamani, aliyetaka kusikia bendi ya Morogoro kabla hajafa. Jumamosi usiku tukamzungusha. Kila tulipoingia tulikuta spika kubwa kuliko kabati la mama mkwe, na kijana mmoja kainamia kompyuta. Mzee akakaa, akaagiza maji, akasubiri kwa heshima. Baada ya nusu saa akaniinamia sikioni.

"Wenzake wako wapi?"

"Wote wamo humo ndani ya kompyuta, mzee."

Akaitazama kompyuta kwa muda. "Basi wawatoe, wale kwanza."

Tulipokuwa tunarudi shemeji akasema mji umeongeza kasoro: kasoro bahari, kasoro besi.

4. "Ni panya tu?"

Hapa ndipo ninapokunja mikono ya shati. Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo lipo shirika la APOPO, linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mgeni anaambiwa "kivutio," anawaza simba, analetewa panya. Uso unamshuka.

Lakini tulia uangalie. Panya wa kilo moja hivi, kafungwa mkanda kifuani kama mtoto wa chekechea, anakwenda kwenye nyasi kwa mistari iliyonyooka kuliko ya fundi rangi. Ghafla anasimama. Pua inatetemeka. Anarudi hatua moja, anakwaruza ardhi kwa mikono miwili, haraka haraka, kisha anageuka kumtazama mwalimu wake kwa macho ya "lete changu." Kinalia kidude, anapewa ndizi. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi anaweza kulimaliza kwa nusu saa, na halilipui bomu kwa kulikanyaga kwa kuwa hana uzito wa kulistua. Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa hapa hapa Morogoro, alinusa zaidi ya mabomu mia moja huko Kambodia. Mwaka 2020 shirika moja la wanyama la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu. Alifariki Januari 2022, mstaafu.

"Shemeji," nikamuuliza, "panya wa Kimara amewahi kupata medali?"

"Wa Kimara amepata godoro langu, waya za jokofu, na cheti changu cha kidato cha nne."

"Basi usimwambie huyu 'panya tu'. Huyu ana kazi ya kudumu."

Akanyamaza. Nilihisi nimeshinda, hadi nilipomsikia akimuuliza mwalimu taratibu kama wanafundisha na wa nje.

3. "Viboko wa Mindu hawajitokezi"

Bwawa la Mindu ndilo linalounywesha mji huu. Lipo nje kidogo, ukiwa unakwenda Iringa, mto Ngerengere ukiwa umewekewa kizuizi tangu miaka ya 1980. Si bustani ya mapumziko, ila wageni hupenda kusimama ukingoni na kusubiri viboko kama wanaosubiri maharusi.

Shida ya Mindu ni matope. Kila masika mashamba ya mlimani yanateremka kidogo, yanakuja kulala humu, na bwawa linapungua kina bila kupungua upana. Kwa mbali linameta vilevile. Mvuvi mmoja alituonyesha: aliuchomeka mti wake wa kusukumia mtumbwi, ukazama hadi kiwiko cha mkono, ukagota. "Hapa kulikuwa kunaumeza wote," akasema, akauchomoa, na ncha ya chini ilikuwa imevaa soksi ya udongo mwekundu.

Shemeji akataka kujua viboko wanaishije. Mvuvi akasema wanaishi kama sisi, kwa kubanana.

2. "Nimelipa kuona msitu, naona mahindi"

Kwenda maporomoko ya Hululu unaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unapanda Mgeta, kona juu ya kona, hadi Bunduki. Maji yanaanguka kama mita 40 kwenye shimo la kijani lenye baridi yake, na hata kiangazi, yanapokonda, unafika umelowa kabla hujayaona. Hakuna aliyewahi kuyalalamikia maporomoko yenyewe. Kinachowaudhi wageni ni njia: kabichi, karoti, njegere, mahindi kwenye miteremko ambayo mbuzi angeomba kushikwa mkono. "Waluguru mmemaliza mlima," akasema mhasibu wetu.

Nilidhani shemeji atamuunga mkono. Akavimba. Utani una mipaka, na mpaka wake ni bibi.

Bibi yao ni wa Matombo, na habari ya kilimo cha mteremko anaisimulia mwenyewe. Waingereza walikuja na mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru: kila mtu achimbe matuta ya ngazi, kwa nguvu, na asiyechimba ashitakiwe. Udongo mfu wa chini ukaja juu, mazao yakadumaa. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, ukazuka mtafaruku, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango nao ukafa. "Walituambia tuchimbe mlima usiporomoke," husema bibi, akitafuna taratibu. "Tukachimba, ukaporomoka. Wakaondoka wao, mlima tukabaki nao."

Msitu uliobaki juu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Humo yumo ndege mwenye kichwa cheusi na kifua cha njano asiyepatikana popote pengine duniani. Mhasibu aliuliza kama anaweza kuitwa aje karibu. Aliitwa. Hakuja. Huyo mimi sitamtetea. Na mimi nisingekuja.

Tukiwa tunateremka mhasibu akasimamisha gari mara nne kununua kabichi, karoti, njegere na mahindi. Buti halikufunga.

1. "Mto hausikiki"

Hili hakulisema kwa mzaha. Tulitoka kwa mama mkwe Jumapili mchana, tukateremka hadi mto Morogoro, upande wa juu kabla haujaingia mjini. Mke wangu husema walipokuwa wadogo, usiku wa masika baba yao alikuwa anaongeza sauti ya redio ili taarifa ya habari ishindane na mto.

Mawe yapo, makubwa, yamelala kama viboko wenyewe. Maji yanapita katikati yao kwa adabu, kama mtu aliyechelewa msibani. Mama mmoja anafua kwenye kidimbwi alichokichimba kwa mikono mchangani. Kijana anaosha pikipiki. Mipira myeusi ya kunyonyea maji inapanda kingo kwenda kwenye mchicha, nilihesabu minne. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingoni, ila mchicha haukusoma.

"Ni Oktoba, shemeji," nikaanza utetezi. "Kiangazi."

"Oktoba ilikuwepo na zamani, shem."

Akavua viatu, akaenda kusimama kando ya jiwe moja refu. Ubavuni mwa jiwe kuna mstari, juu yake rangi ya kijivu, chini yake nyeusi, pale maji yalipokuwa yakifika. Akaupima kwa kiganja. Ulimkuta kifuani. Akasema hapo ndipo alipofundishwa kuogelea, kwa kusukumwa. Maji ya siku hiyo yalikuwa yanamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Na ile nyumba? Nani kajenga mtoni kiasi kile?"

"Ya mjomba wako," nikamwambia. "Bati ulichangia wewe."

Akaitazama. Ni bati zuri, la rangi, lile la gharama. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikaanza kujuta. Mshitaki asipoongea, wakili naye hana kazi. Kisha akakumbuka chupa yake ya maji ya dukani, ile yenye mlima mzuri uliochorwa kwenye karatasi, imebaki nusu. Akaifungua, akainama, akayamimina yote mtoni, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Tutachelewa treni," nikamwambia.

Akavaa viatu bila soksi. "Tusikimbie," akasema. "Hayo yatanitangulia Kimara."